Saladi Kali Juu ya Pamba ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya sita ya ndoa! Ufunguo wa laazizi wangu ukilia mlangoni, moyo bado unaruka. Leo kaenda kutengeneza friji za watu, nami nimebaki na hasira. Dada yake alipita asubuhi. Akasema mama yao anakuja kula mchana Jumapili ya tarehe 16, na kwamba mimi siwezi kukuza chochote isipokuwa kucha. Kucha!

Mama mkwe anamwita "mwanangu" hata muuza maziwa. Mimi ananiita "bibi harusi", kama mgeni. Basi Jumapili hiyo ataniita mwanangu. Nimeapa.

Nimenunua mbegu za saladi kali, ile ya majani madogo yanayowasha ulimi kama pilipili. Pakiti inasema haitaki udongo. Pamba iliyoloweshwa maji, sahani, dirisha, siku tisa, mkasi. Pamba hatuna. Lakini mito ya harusi aliyotushonea mama mkwe imejaa tele! Nimechomoa kidogo tu kwenye wangu. Mbegu nimezipanga umbo la moyo.

Jumatano, 5 Machi
Zimeota! Nimembusu mume wangu, kisha sahani. Akauliza pamba nimeitoa wapi. Nikamwambia mke ana siri zake. Akacheka. Jamani, yale meno!

Ijumaa, 7 Machi
Unyama! Wifi kaingia jikoni bila hodi, kaona vinyweleo vyeupe chini ya miche, kapiga yowe kwamba ni ukungu. Sahani nzima kaimwaga kwenye pipa la taka! Nikamweleza kuwa ile ni mizizi. Akanijibu, "Bibi harusi, ukungu naujua." Mimi niliyefaulu biolojia!

Nimelia kwenye shati la mume wangu. Akasema si tununue saladi sokoni tu. Hata yeye! Nimemsamehe baada ya dakika saba, kwa ajili ya macho yake.

Nimepanda upya. Sahani tatu, juu ya kabati la dirishani, wifi hafiki. Pamba yote ya mto imekwisha. Nimeujaza mifuko ya nailoni, nikaushona. Hata mama mkwe aliyeushona hatajua.

Jumanne, 11 Machi
Laazizi anadai chumbani kuna panya, anasikia chakachaka. Nikamwambia panya hawapendi nyumba zenye mapenzi. Hakusikia, kategesha mtego. Umeninasa kidole cha mguu. Nani alimtuma?

Jumapili, 16 Machi
Nimevuna asubuhi kwa mkasi. Majani marefu kama kidole, mabichi, makali! Mama mkwe akajaza mdomo. Machozi yakamtoka. Akasema, "Mwanangu, maji!"

MWANANGU! Wifi shahidi! Tena akaongeza sahani ya pili.

Kisha akataka kujinyoosha kidogo. Akaingia chumbani mwenyewe, akalaza kichwa kwenye mto wangu. Chakachaka! Mume wangu akaruka juu ya kiti akitafuta panya. Mama mkwe akachukua mkasi wangu wa saladi, akafumua mshono, akavuta mfuko mmoja baada ya mwingine, wa mkate, wa sabuni, wa viatu, huku wifi akihesabu kwa sauti. Kumi na mmoja! Akauliza pamba yake iko wapi. Nikamwonyesha sahani tatu zenye visiki vya kijani. Akasema, "Haya, bibi harusi."

Nimerudishwa nyuma! Kwa mto! Saladi aliyoimaliza haihesabiwi?

Jumatatu, 17 Machi
Wifi kaleta mto mpya kutoka kwa mama yake, umeshonwa mara mbili pembeni. Na salamu: niambiwe ni wa kulalia kichwa. Matusi matupu! Mume wangu kacheka hadi kakaa chini. Nimemnunia, lakini kidogo, maana akicheka anazidi kupendeza.

Nimeubonyeza. Pamba nzito, safi kuliko ile ya kwanza. Na pakiti bado ina nusu ya mbegu. Mama mkwe anarudi mwisho wa mwezi.

Safari hii nitaujaza soksi za laazizi. Soksi hazipigi kelele.