Ng'ombe Wanne wa Kocha Patricia

Jumapili, 2 Agosti

Orodha ya jezi imetoka. Mutesi wangu amepewa namba kumi na tisa. Mizero, mtoto wa Nyirangabo, kumi na moja tu. Sikucheka. Nilitazama chini, kama Mkristo.

Niandike vizuri, wajukuu wakija kusoma waelewe. Mutesi anacheza mpira wa Waairishi. Mpira huo unashikwa kwa mikono, unapigwa kwa miguu, na ukipita juu ya goli watu wanapiga makofi badala ya kusikitika. Juu ni pointi moja, ndani ya wavu ni tatu. Wachezaji kumi na tano kila upande. Timu yetu ni ya wasichana wa Buffalo, wanafanya mazoezi Lackawanna, na kocha ni Patricia, mama mfupi mwenye sauti ya tarumbeta. Babu zake walitoka hukohuko Ireland. Jumamosi ni fainali ya ubingwa. Tunacheza na Louisville, na mchezo utakuwa Columbus, katikati ya njia, ili watu wote wachoke sawasawa.

Kanisani niliomba kipaza sauti, nina ushuhuda. Nilisema Mungu amemwinua mtoto wangu mpaka namba kumi na tisa. Nikasema wengine wameinuliwa mpaka kumi na moja, napo si pabaya. Watu wakaitika amina. Nyirangabo aliitika wa mwisho, peke yake, amina nyembamba kama uzi.

Jioni nikampigia mdogo wangu Florida. (Florida anakaa Columbus. Wamarekani wakisikia hivyo wanachanganyikiwa, hilo ni tatizo lao.) Ameahidi kupikia watu thelathini. Kaka yetu Gatera, wa Louisville, ameapa kushangilia Louisville. Hamjui mchezaji hata mmoja wa kule. Anasema plate ya gari lake ni ya huko, inatosha. Nimemwambia atakula ugali wa Florida akiwa kimya.

Jumatatu, 3 Agosti

Aibu.

Mutesi ametoka kazini, amenikuta kwenye simu na Florida, kumi na tisa hivi, kumi na tisa vile. Akanitoa simu mkononi. Akanieleza kwa Kiingereza, dalili ya hasira. Katika mpira huu namba siyo heshima, ni mahali. Moja mpaka kumi na tano ndio wanaoanza. Kumi na sita kwenda juu wanakaa benchi.

Nami nikakaa.

Donc nimesimama mbele ya kanisa zima kumshukuru Mungu kwa ajili ya benchi. Na Nyirangabo alijua. Lazima Mizero alimwambia. Aliniacha nikaongea mpaka mwisho, akaniitikia na amina.

Nikamwuliza Mutesi kama inamuuma. Akasema hapana. Akaenda kuosha viatu vyake vya mpira, na viatu vilikuwa safi. Mtoto huyu hajakosa mazoezi tangu Aprili. Anatoka warehouse Tonawanda, anakwenda moja kwa moja uwanjani, mkate mkononi, miguu imevimba. Nilisimama mlangoni nikamtazama anavyosugua. Moyo wangu ukasema: Jumamosi mtoto huyu ataanza.

Nadhani moyo ulisema kwa sauti, maana aligeuka. Akaniomba kitu kimoja tu, kwa Kiswahili, polepole: Mama, usifanye kitu.

Nimemwahidi sitafanya kitu.

Jumanne, 4 Agosti

Nimefanya kitu. Kidogo.

Lakini kwanza kikundi cha WhatsApp cha wazazi. Kimewaka tangu asubuhi. Nyirangabo aliandika kwamba Mutesi ana urefu, hakatai, ila anafikiri kabla ya kupiga. Nikaandika kufikiri siyo dhambi. Akaandika mpira ukifikiriwa sana unachukuliwa. Nikaandika Mizero anapiga kabla ya kuamka. Hapo Theogene akaingia. Ndiye mwanaume pekee kwenye kikundi, zamani kambini, tulipokuwa wakimbizi, alikuwa refa. Akasema mbele panahitaji mtu wa mguu wa kushoto, na kwa maoni yake watoto wetu wote wawili wangefaa nyuma. Tulimtoa kwenye kikundi. Baada ya dakika kumi tukamrudisha, van ya kwenda Columbus ni yake.

Akashauri kila mzazi aandike kumi na tano wake, tulinganishe. Zikatoka timu tano. Kila timu ilikuwa na mtoto wa mwandishi pale mbele katikati. Mimi Mutesi nilimweka mahali pawili. Nyirangabo alihesabu, akauliza kama nimezaa mapacha bila kumwambia.

Bon. Sasa kile kitu kidogo. Nilikaanga sambusa sufuria nzima, nikampelekea Patricia mazoezini. Kumpelekea mtu chakula siyo kuingilia. Nikafika Lackawanna, nikamkuta Nyirangabo anateremsha wali na nyama. Nyuma yake mama Bulonza na maharage. Theogene, ambaye ana binti mmoja na hajui kupika, alikuwa ameshika mkungu wa ndizi kama amebeba mtoto wa mtu mwingine.

Patricia alifikiri ni sherehe ya kwetu. Akafurahi, akaamuru wasichana wale kwanza.

Mazoezi yalikuwa msiba. Mizero alikimbia kama ana jerikani kichwani. Bulonza alilala kwenye nyasi, akasema yuko vizuri hapo. Mutesi peke yake hakugusa chakula, maana ananijua. Alikimbia, alidunda mpira, aliupiga mguuni ukarudi mkononi, akafunga mara tatu. Kipa alikuwa bado anatafuna.

Jumatano, 5 Agosti

Patricia amepiga simu. Msichana wa namba kumi na tatu hakupewa ruhusa kazini Jumamosi. Na kwa sababu jana aliona mchezaji mmoja tu aliyekuwa hai, kumi na tatu ni ya Mutesi. Ataanza!

Mutesi aliniambia kwa Kiswahili, dalili ya furaha. Alicheza ngoma jikoni, hatua mbili, akajikumbuka akaacha. Tangu tumefika nchi hii sijaona hatua hizo mbili.

Nyirangabo ameandika kwenye kikundi: Hongera, mama Mutesi. Hakuongeza kitu. Nimelisoma neno hilo mara nyingi kutafuta sindano. Sijaipata, lakini imo.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimekwenda mwenyewe kumshukuru Patricia. Mambo mengine hayaendi kwa simu.

Kwetu milimani shukrani kubwa haisemwi asante. Asante ni ya mtu aliyekupisha mlangoni. Mtu aliyekuinulia mtoto unamwambia nimekupa ng'ombe. Hakuna anayeleta kamba. Ni neno la heshima, mwenzako analipokea, anakuombea uzidi kuwa na mifugo, mnaachana vizuri.

Mutesi alikuwa kazini. Nikasema mwenyewe, kwa Kiingereza changu: Patricia, nimekupa ng'ombe.

Patricia akasema hapana, asante, hawezi kupokea. Nikaona ana adabu. Mtu mwenye adabu hakubali mara moja. Nikaongeza wa pili, mwenye pembe ndefu. Akasema hapana kweli, ni nyingi mno. Nikaongeza ndama. Akarudi nyuma hatua moja, akauliza ng'ombe hawa wako wapi. Nikaonyesha kwa mkono upande wa kwetu, mashariki, mbali. Akatazama upande huo huo. Palikuwa na maegesho ya magari. Akauliza kama wamechanjwa.

Nikaona mazungumzo yanakwenda vizuri, nikamaliza na wa nne.

Nimerudi nyumbani nimeridhika. Sijawahi kumshukuru mtu vizuri hivyo.

Ijumaa, 7 Agosti

Patricia amempigia Mutesi asubuhi. Klabu ina sheria. Mzazi akimpa kocha zawadi kubwa, kocha lazima aseme kwa kamati, naye amesema. Ng'ombe wanne. Kamati imeona haifai watu waseme nafasi imenunuliwa. Watakaa saa kumi na mbili jioni. Kama hakuna maelezo, Mutesi anarudi kumi na tisa.

Mutesi hakupiga kelele. Ningependa apige. Alisema tu, Mama, nilikuomba kitu kimoja. Akachukua mfuko wake, akaenda kazini bila kula.

Nikajaribu kupanga maelezo yangu. Kiingereza changu kinanitosha dukani na kazini, kule ninakotunza wazee, North Buffalo. Nikiogopa kinanikimbia chote. Mutesi hatoki mpaka saa moja. Theogene angewaambia mambo ya mguu wa kushoto. Alibaki mtu mmoja anayejua Kiingereza kizuri na anayejua maana ya ng'ombe.

Nikampigia Nyirangabo. Nikamweleza yote, hata ndama. Akauliza kama kwenye ushuhuda wa Jumapili ijayo nitataja kumi na moja. Nikasema sitaitaja. Akasema anavaa kitenge, nimpitie.

Kamati ni Patricia, mzee mmoja mwenye daftari na mama mmoja asiyecheka. Nyirangabo alisimama, akawaambia kwa Kiingereza, na njiani alinirudia yote kwa Kiswahili nisikose kitu. Aliwaambia ng'ombe huyu ni wa mdomoni. Aliwaambia amenijua miaka kumi, tangu kambini. Nilimpa ng'ombe aliponisaidia kupata kuni. Nilimpa alipoponya mguu wa Mutesi, nilimpa aliponiazima sufuria, nilimpa tulipopata viza. Jumla kumi na wawili. Miaka yote hiyo hajaona hata kwato.

Mzee wa daftari alicheka mpaka akavua miwani. Patricia hakucheka. Alikuwa ameshaongea na shemeji yake kuhusu zizi.

Yule mama asiyecheka akamwuliza Nyirangabo kwa nini anatetea mtoto wa mwingine, wakati mtoto wake yuko timu moja. Akajibu kwamba Mutesi akikaa benchi, Mizero hana mtu wa kumpa mpira.

Kumi na tatu imebaki ya Mutesi.

Garini nilitaka kumshukuru Nyirangabo. Akaniwekea kidole mbele ya uso: nisitaje mnyama yeyote.

Jumamosi, 8 Agosti

Columbus. Tuliondoka kabla jua halijatoka. Theogene aliendesha na kutueleza makosa ya marefa wote aliowahi kuwaona.

Florida alikuja na sufuria sita na kitambaa kirefu chenye jina la Mutesi, limeandikwa Mutezi. Gatera alivaa fulana ya Louisville. Nikamwambia imembana tumboni. Akasema ndivyo mabingwa wanavyovaa.

Mutesi alianza. Nimeandika hivyo na nitaandika tena. Alianza. Aliingia kati ya wale kumi na tano, akanitafuta kwa macho. Nilikuwa nimesimama juu ya kiti cha mtu.

Kipindi cha kwanza kigumu. Mara mbili alipata mpira, akafikiri, ukachukuliwa. Nyirangabo alikaa pembeni yangu, hakusema neno. Nilimwambia aseme tu, yaishe. Akasema anatazama mpira.

Dakika za mwisho Louisville wako mbele pointi mbili. Gatera ameanza kuimba. Mpira ukamwangukia Mutesi karibu na goli. Mimi napiga kelele piga, Florida anapiga kelele piga, hata Theogene. Mutesi akasimama. Akafikiri. Kila mtu wa Louisville akamwendea yeye. Akaurusha kwa mkono, pembeni, kwa Mizero aliyekuwa peke yake kama mtu aliyesahauliwa na basi. Mizero akapiga kabla ya kuamka. Wavuni. Tatu!

Tumeshinda kwa pointi moja.

Nilijikuta nimekumbatiana na Nyirangabo. Tukaachana haraka. Kisha tukakumbatiana tena, vizuri.

Mutesi alikuja amejaa jasho na nyasi. Akanilalia begani, mzito kama gunia, akaniambia kwa Kiswahili kwamba miguu inamuuma. Nikamwambia nimemwona. Akasema anajua, uwanja mzima ulinisikia. Gatera alisema kilichowaangusha Louisville ni jua. Alikula sahani tatu, na hakula kimya.

Jumapili, 9 Agosti

Ushuhuda mfupi leo. Sikutaja namba yoyote. Nilitaja dakika alizocheza Mutesi.

Sasa jambo kubwa. Jana kabla hatujaondoka Columbus, Patricia alinishika mkono, akanipa karatasi. Kamati imeandika sheria mpya kwa wazazi na inataka isomeke kwa Kiswahili. Wameniomba nitafsiri mimi. Mimi niliyeishia darasa la sita. Nadhani wameona nimejifunza.

Mutesi alinisomea Kiingereza cha karatasi. Ni mstari mmoja: wazazi wasimpe kocha kitu. Basi. Wamarekani wana haraka.

Nimeandika hivyohivyo: Wazazi wasimpe kocha kitu. Nikautazama mstari, ukaonekana uko uchi. Mtu anaweza kuuliza, kitu ni nini? Nikaongeza, kwa faida ya wasiojua: Chakula siyo kitu. Kinachopelekwa kwa mgonjwa siyo kitu. Kinachotolewa na akina mama wawili pamoja siyo kitu, ni ushirika. Kinachomkinga kocha na mvua au baridi siyo kitu, ni usalama.

Mutesi hajaisoma. Alikuwa amelala, nikaona nisimsumbue. Nimeituma kwenye kikundi.

Nyirangabo amejibu wa kwanza. Amesema hii ndiyo sheria iliyoandikwa na mtu mwenye akili, na akauliza Patricia anavaa saizi gani ya koti.

Nimetazama hali ya hewa kwenye simu. Jumanne, Lackawanna, mvua.