Wasifu wa Mwalimu Umejificha Wapi

Jumatatu, 8 Juni

Nimemaliza wasifu wa marehemu Mwalimu Agbanyo. Umenitoka vizuri mpaka nikajionea wivu. Mazishi ni Jumamosi, na chama chetu cha wasioona hapa mjini Ho kimepewa nafasi ya msomaji mmoja. Katibu ni mimi, kwa hiyo msomaji ni mimi. Ila mwenyekiti, Efo Lumor, kaka yetu sote, amesema nikivurunda safari hii atamwachia dada yetu, Daavi Akorfa, nafasi hiyo, na ukatibu juu yake. Akorfa anautaka ukatibu kama paka anavyotaka samaki.

Tatizo ni mashine ya nukta nundu. Ni ya chama, na Akorfa huitumia mchana. Akiukuta wasifu wangu ataunyonya utamu wote. Nimeuficha. Nimelipatia faili jina ambalo katika chama chetu hakuna kidole kitakacholigusa mpaka siku ya kiama. Mashine ikauliza kitu kuhusu kufuta la zamani. Nikabonyeza ndiyo. Mashine hii ina maswali kama mama mkwe. Jina lenyewe sitaliandika hapa. Shajara hii naitoboa kwa kibao na sindano, na vidole vya Akorfa vinasoma hata karatasi. Nitalikumbuka.

Jumanne, 9 Juni

Nimelisahau.

Nimeanza na herufi M, ya Mwalimu. Mashine ikanirusha kwenye Mkutano, Mkutano Mpya, Mkutano Mpya Kweli. Nikajaribu A. Nikajaribu S, ya Siri. Nikakuta faili liitwalo Siri, moyo ukaruka. Ndani yake mna namna ya kupika supu ya bamia. Kuna folda ya Muhimu, ndani yake Muhimu Sana, ndani yake Muhimu Kabisa. Ndani ya Muhimu Kabisa hamna kitu. Aliyezitengeneza ni mimi.

Mke wangu Enyonam ameniambia niandike upya. Nimemwambia maneno yale hayaji mara mbili. Akasema basi akle, ugali wetu, inapoa, nije nile. Hana uchungu na fasihi huyu.

Jumatano, 10 Juni

Nimemwambia Akorfa mashine inaumwa, naipeleka nyumbani. Akauliza ugonjwa gani. Nikasema tumbo. Akasema basi niinyweshe uji, kisha akaichukua mikononi mwangu akaanza kazi zake.

Alhamisi, 11 Juni

Mbinu mpya. Nimemsifu Akorfa kwa utaratibu wake wa mafaili, nikitumaini atanifichulia kitu. Akanijibu kwamba yeye faili la mkutano wa Mei analiita Mkutano wa Mei, na kwamba mimi naficha vitu kama mtu anayeishi na wezi. Halafu akanitangazia kwamba Jumapili, kwenye uchaguzi, ataomba nipumzishwe. Anakumbuka katiba inasema katibu haongozi zaidi ya vipindi viwili, na anakwenda kuisoma ahakikishe. Nilicheka. Nikamwambia aisome mpaka vidole vitoke malengelenge. Wakati nacheka nilihisi kitu kinanikwaruza kichwani. Nikadhani ni njaa.

Nyumbani nimejaribu kuandika upya. Nimepata sentensi moja, nayo ni mbaya. Wa kwanza ulikuwa na ile habari ya siku niliyofika shuleni, nina miaka saba, nalia, sitaki kula wala kusema na mtu. Mwalimu akaketi sakafuni kando yangu, akashika kidole changu, akakiweka juu ya nukta moja. Akasema hiyo ni A, kesho tutaongeza nyingine. Nawezaje kumzika mtu yule kwa sentensi mbaya?

Jumamosi, 13 Juni

Nilikwenda nimeamua kudanganya. Nitashika mashine, nitatembeza vidole, nitasema litakalonijia. Naitwa mbele, Akorfa ananivuta mkono na kuninong'oneza nifungue Katiba. Nikamwambia huu si wakati wa kugombea cheo. Akasema, Efo Dotse, fungua Katiba, mpumbavu wewe.

Nikafungua. Wasifu ulikuwa mle. Nilitaka kumbusu.

Furaha ikaishia sentensi ya kwanza. Siku ile, kwa kutaka upendeze, niliupanga kila mstari katikati kana kwamba unakwenda kwenye karatasi pana. Mashine yenyewe inaonyesha herufi kumi na nane tu kwa mara moja. Basi nikasoma, Mwalimu Agbanyo alikuwa, kisha vidole vikaingia jangwani. Nabonyeza, patupu. Nabonyeza, patupu. Waombolezaji wakadhani kilio kimenikaba. Mama mmoja akanihimiza nijikaze, baba. Nikapata maneno matatu mengine, jangwa tena. Mjane akaanza kulia. Nikasoma, ukurasa wa pili, kwa sauti nzito ya majonzi, na vijana wa kwaya wakaitikia amina. Halafu mashine ikaganda kabisa.

Akorfa akanitia mkononi karatasi ngumu. Alikuwa ameunakili wasifu wote kwa sindano, mistari imenyooka, hamna jangwa. Nikasoma kama maji. Nikafika kwenye kile kidole na ile nukta moja. Hapo ndipo sauti ilinikatika kweli. Watu wakadhani ni mashine tena, wakaningoja kwa adabu.

Efo Lumor amesema nimeheshimisha chama. Nilimshukuru Akorfa, naye akasema hakufanya kwa ajili yangu, Mwalimu alimfundisha na yeye.

Jumapili, 14 Juni

Uchaguzi. Akorfa amesimama kudai kwamba vipindi vyangu viwili vimekwisha. Efo Lumor akaomba asomewe kifungu. Akorfa akasema hakipo, katiba yote haipo, katibu aliifuta kuweka wasifu. Ukumbi ulicheka mpaka viti vikalia. Efo Lumor akaamua kwamba bila katiba hakuna wa kuniondoa, lakini niiandike upya kwa kumbukumbu, na Akorfa aikague Jumatano. Hapo ndipo uchaguzi utafanyika.

Nimeiandika jioni hii. Kifungu cha vipindi viwili nimekiweka, kwa kuwa Akorfa anakikumbuka. Ila mambo ya Jumatano ni ya Jumatano. Nimeiweka mahali salama, kwa jina ambalo hata malaika hawezi kulibahatisha. Mashine ikauliza kitu. Nikabonyeza ndiyo.

Jina sitaliandika hapa. Nitalikumbuka.