Kila Nyumba Tabibu, Kila Tabibu Birika: Hotuba ya Kumsubiri Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye gari lake linakaribia, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye amekwenda barabarani kuangalia gari hilo limekaribia kiasi gani, waheshimiwa wakuu wa idara, vitengo na vijitengo, Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, na Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Kuikumbusha Kamati ya Maandalizi, matabibu wetu wapya wa mitishamba mnaohitimu leo, mliopendeza na majoho yenu, waalikwa mlioketi kivulini, wazee wetu mlioketi pale kivuli kilipokuwa asubuhi, shemeji yangu, mchemshaji wa chai ya leo, dereva wangu, ndugu wananchi, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya meza kuu.) Hapana, subirini, nimemruka katibu muhtasi wangu, na huyu akinuna ofisi nzima haikaliki, basi tuseme itifaki sasa ndiyo imezingatiwa. (Kicheko. Mtu wa nyuma: "Anza basi, jua linatuua!")

Naanza, ndugu yangu, naanza. Mimi, Mkurugenzi Mratibu Mwandamizi wa Ustawi, Tiba Mbadala na Mambo Mtambuka, nasimama mbele ya jengo hili ambalo hadi juzi lilikuwa zahanati tu, zahanati ya kawaida yenye harufu ya spiriti na benchi la watu wanaokohoa, na leo hii, kwa maono yangu mwenyewe, ambayo sikuyaomba bali yalinijia nikiwa kwenye semina elekezi ya welnesi, yaani ustawi wa mwili na nafsi, katika hoteli moja yenye mashuka meupe mno, nilipoletewa kikombe cha chai ya majani nisiyoyajua, nikanywa, nikalala fofofo mada mbili nzima zikapita juu ya kichwa changu, nikaamka mtu mpya, nikajiuliza: jamani, kwa nini mwananchi wa chini naye asilale namna hii? (Makofi. Sauti: "Sisi hatulali kwa mbu!") Leo hii, nasema, jengo hili limegeuka kuwa Kituo Mkakati Jumuishi cha Chai za Mitishamba na Ustawi wa Nafsi, na kila mmoja wenu atakuwa tabibu wake mwenyewe.

Utafiti wetu wa awali, uliofanywa na mimi na dereva wangu tukiwa safarini, unaonyesha kwamba asilimia tisini na saba ya wananchi wana maji ya moto au wana jirani mwenye maji ya moto, na asilimia mia moja, narudia, asilimia mia moja, wana mdomo. (Makofi mazito.) Stekiholda wote tulipoziangalia takwimu hizi tulikubaliana kwamba miundombinu ya msingi ya kunywa chai ipo, kilichokosekana ni mindseti tu, na ndiyo maana tukaendesha programu kabambe ya kapasiti-bildingi kwa hawa wahitimu mnaowaona, wakafundishwa kuchuma, kukausha, kuchemsha, kunusa, na hatua ya juu kabisa ya taaluma hii, ambayo ni kufumba macho na kusema "aaah". Semeni wahitimu! (Wahitimu, kila mmoja kwa wakati wake: "Aaah." Kinyozi aliyevaa joho mwisho wa mstari anauliza: "Tunavua saa ngapi?")

Tazameni sasa mkono wangu wa kulia. Ile, ndugu zangu, ndiyo Bustani ya Mimea Tiba, iliyooteshwa, ikapaliliwa na kulelewa kwa muda mrefu na kwa uchungu wa mzazi, kila mmea na kibao chake, Mmea A, Mmea B, na kuendelea, majina yake ya kitaalamu yatatolewa kwa awamu. Oneni yalivyosimama wima majani yale, mabichi, yanametameta, hata mtu ukiyatazama tu presha inashuka. (Makofi. Fundi cherehani, mwanamke aliyesimama karibu na utepe akiwa na mkasi mkubwa mkononi, anainua mkono.)

Naam, huyu ndiye fundi wetu aliyetushonea utepe wa uzinduzi, na mkasi ule ni wake, makofi kwake. Sema, fundi. (Fundi cherehani: "Mheshimiwa, shikamoo. Nauliza, chumba cha kufungia vidonda kitafunguliwa lini? Mama yangu yule pale kwenye benchi, kidonda cha mguuni hakijabadilishwa bendeji tangu mfunge mlango. Kimeanza kunuka." Minong'ono.)

Marahaba, mwanangu. Swali zuri sana, na nitalijibu kwa mapana. Chumba hicho hakijafungwa, kimehifadhiwa. Bendeji zimo, dawa zimo, kitanda kimo, hakuna kilichoguswa, na ufunguo ni huu hapa ninauinua muuone, unalala kwenye mfuko wangu wa shati, upande wa moyo. Lakini chumba hicho ndani ya fremuweki mpya ni Ukumbi wa Tafakuri ya Kikombe, na mlango wake ndio Mgeni Rasmi anaokuja kuukatia utepe, kwa hiyo kuufungua kabla yake itakuwa ni kumvua nguo hadharani. Hakifunguliwi chochote kabla ya utepe kukatwa, na haukatwi utepe kabla ya Mgeni Rasmi. Mimi mwenyewe, sifichi, nina changu katika jambo hili, maana kule makao makuu kuna kiti kimoja kiko wazi kinasubiri makalio yenye maono, na Mgeni Rasmi akiridhika leo, basi. (Makofi ya meza kuu peke yake.)

(Muuguzi, akiwa amebeba sinia la vikombe: "Mheshimiwa, nipe huo ufunguo dakika tano tu. Namsafisha bibi wa watu, nafunga, nakurudishia.") Dada yangu, wewe ulikuwa muuguzi, nimekupandisha, sasa hivi ni Afisa Mapokezi ya Vikombe, mbona unataka kujishusha? Bibi naye mpeni chai. (Bibi, kwa sauti kubwa kuliko watu walivyotegemea: "Chai nimekunywa nyumbani! Mimi naumwa mguu, siumwi kiu!" Kicheko kirefu.)

Tucheke, kucheka nako ni welnesi. Nikirudi kwenye mada, na kwa kuwa Mwakilishi bado hajatupungia mkono kule barabarani, niruhusuni niipanue kidogo dhana ya uendelevu, kwa sababu mradi ukikosa uendelevu unakosa hata mwendelezo, na mwendelezo ukikosekana tunabaki na mwanzo tu, na mwanzo bila mwendelezo, mtakubaliana nami... (Fundi viatu, mzee mwenye kofia: "Mheshimiwa, Mmea B umelala.") Umeinama, mzee wangu. Umeinama kwa heshima ya mkutano. (Sauti: "Na C!" Sauti nyingine: "E na F wamelaliana kabisa!") Mimea ya tiba hupumzika mchana, ndugu zangu, hiyo ni sayansi, msiipigie kelele mkaisumbua. Dereva, mwagia maji kidogo. Dereva! (Dereva: "Maji hayasaidii, bosi. Nilikwambia hotuba iwe fupi.")

Anatania, dereva wangu mtu wa utani. Mzee, usiguse! Mzee wangu, hiyo ni mali ya umma, tafadhali usiuvute... (Fundi viatu ameuvuta Mmea D na kuuinua juu. Ni tawi lililokatwa kwa panga. Fundi viatu: "Hauna mizizi!" Zogo.) Tulieni! Tulieni, nasema! Ndiyo, hauna mizizi, na huo ndio ubunifu wenyewe, mmea wa kisasa usio na mizizi unahamishika kirahisi kutoka kituo kimoja kwenda kingine, tena ni dhana inayosomwa na mataifa, nyinyi mnaipata bure halafu mnaizomea. Aibu! (Kuzomea kunaongezeka. Fundi cherehani: "Kama ni dawa, kunywa wewe tuone!" Umati: "Kunywa! Kunywa!")

Mnadhani nitaogopa? Lete hapa. Lete birika zima, shemeji. (Anamiminiwa. Anakunywa. Uso unajikunja.) Aaah. Uchungu huu mnaouona usoni mwangu ni uchungu wa kitaalamu, ndiyo dalili kwamba dawa imeukuta mwili. Nahisi wepesi. Nahisi mishipa inafunguka mmoja mmoja. Ongeza, nizibe midomo ya watu. (Anakunywa kikombe cha pili. Shemeji: "Pole pole, shemeji. Mimi nimechemsha tu majani hayo hayo aliyoniletea dereva, sijui ni ya nini." Fundi viatu ananusa lile tawi, anampa jirani yake anuse. Fundi viatu: "Hee! Majani haya si ya kwenye ua wa machinjio? Haya ndiyo tunampa mbuzi akifunga choo!" Umati unalipuka kwa kicheko.)

Mbuzi... mbuzi naye ni kiumbe mwenye nafsi, na tofauti kati ya... Dereva, ni kweli? (Dereva: "Uliniambia majani yoyote, bosi.") Hata kama ni kweli, dozi ya mbuzi ni kitu kimoja na... (Ngurumo ndefu inatoka kwenye spika zote nne. Fundi mitambo anakagua nyaya. Si nyaya.) Mtuwie radhi, mitambo. Kama nilivyokuwa nikisema, uendelevu. Uendelevu ni... Naona Mwakilishi anakuja mbio, alhamdulillahi, sema haraka, yuko wapi? (Mwakilishi, akihema: "Hatakuja. Nimempigia simu, amekwenda kuzindua kisima kwingine. Anasema hapa hakuwahi hata kuambiwa, wala mimi hanijui, uwakilishi ulinipa wewe.") Alhamdulillahi. Yaani, masikitiko makubwa. (Ngurumo ya pili.) Ndugu wananchi, kwa mazingira yaliyojitokeza naahirisha... Choo kiko wapi? (Muuguzi, akitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo: "Choo kipo kimoja tu, Mheshimiwa. Kiko ndani, unapita chumba cha vidonda.")

Basi pisha, fundi, pisha hapo mlangoni. (Fundi cherehani hasogei. Fundi cherehani: "Itifaki, Mheshimiwa. Hakifunguliwi chochote kabla ya utepe." Umati: "Itifaki!") Kata! Kata utepe, mwanangu, nakukaimisha Ugeni Rasmi, wewe ndiye Mgeni Rasmi, kata! (Fundi cherehani anaweka mkasi kwenye utepe, lakini haubani. "Ufunguo akabidhiwe muuguzi. Na usirudi tena mfukoni mwako. Useme kwenye kipaza sauti, wasikie wote.") Unanifanyia hivi mimi? Mbele ya watu? (Ngurumo ya tatu, ndefu kuliko zote.) Chukua! Muuguzi, chukua ufunguo, ni wako, wako wa kudumu, wenye mamlaka kamili, mbele ya mashahidi! (Utepe unakatwa. Mlango unafunguliwa. Vifijo. Mheshimiwa anaingia akikimbia, kipaza sauti kisicho na waya kikiwa bado mkononi.)

(Kutoka kwenye spika, sauti yenye mwangwi.) Ndugu wananchi, mnanisikia? Nasikia benchi linaburutwa, naamini ni nyinyi mnakaa vizuri. Nisingependa kuondoka bila neno la shukrani, kwa kuwa ratiba inalitaka, na nikiwa katika hali hii sina nguvu ya kupamba. Kwanza kabisa namshukuru dereva wangu, aliyekata bustani yote alfajiri na kuichomeka kabla hamjaamka. Namshukuru seremala kwa vibao, alipouliza aandike mimea gani nikamwambia aanzie A. Nawashukuru wahitimu, yaani kinyozi, kondakta, mwenye duka la simu na wale vijana wa kwaya, ambao mafunzo yao yalikuwa kuvaa joho. Namshukuru mwenye majoho. Naishukuru kamati ya maandalizi, ambayo ni mimi, na kamati ndogo, ambayo ni mke wangu. (Maji yanamwagwa mara mbili.) Naishukuru hoteli ya semina, kwa maana chai ile niliyoinywa nikalala, jamani, sasa nakumbuka vizuri, ilikuwa maji ya moto na ndimu, usingizi ulikuwa wangu. Mradi wenyewe, ndugu zangu, kituo, fremuweki, bustani, tabibu, kitu kilichokuwepo hapa kikweli kweli kilikuwa ni zahanati tu.

Basi tumalizie kwa kaulimbiu yetu, nikisema hivi mnajibu hivi. Kila nyumba... (Inasikika sauti ya muuguzi, upande wa pili wa mlango: "Kunja gauni kidogo, bibi. Hapo. Pole, najua inauma.") Kila nyumba, ndugu wananchi! (Bibi: "Huyo anayepiga kelele chooni ni nani?" Fundi cherehani: "Mwache, mama. Tulia ufungwe mguu.") Kila tabibu... (Muuguzi: "Haya, bibi, tumemaliza. Anayefuata!")

Muuguzi. Dada yangu. Nipo hapa. Tumbo limekwisha lote, macho yanaona nyota. Nipe maji ya chumvi na sukari, nakuomba, au chochote, ila kisiwe cha kwenye birika. (Muuguzi: "Nimekusikia, Mheshimiwa. Kuna mtoto anayekohoa, kuna mama mjamzito, halafu wewe. Ukiweza kutembea, njoo ukae kwenye benchi.")

Nakuja. Asanteni sana kwa kunisikiliza. Jamani, nisogezeeni benchi karibu na mlango wa choo.