Ombi la Kubakishiwa Wezi Wachache

Rayners Lane,
London.

Kwa Bwana Linus Njoroge,
Mkuu wa Polisi wa Chuo.

YAH: MWANANGU KUKOSESHWA KAZI KWA KOSA LA KUWAMALIZA WEZI

Bwana Mkuu,

Assalaam alaykum, na kama wewe ni mtu wa kanisani basi habari za asubuhi. Mimi ni mama yake Ghalia, yule mchambuzi wenu wa uhalifu, msichana mrefu mwenye mtandio wa kijani anayekula chakula chake mbele ya kompyuta. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu nimesikia wewe ni mtu wa Nakuru, na mkubwa kama wewe hastahili kupelekewa Kiingereza changu. Pahala utakapokwama muulize Ghalia, ila asijue kama nimekuandikia.

Mimi skuli niliishia darasa la saba, kule Wete, lakini mtoto nimezaa. Ana digrii mbili, na ya pili aliipata akiwa na homa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mavazi. Mwanangu ni polisi lakini hana kofia. Hana pingu, hana firimbi, hana hata lile koti la manjano alilopewa Suhaib wa getini, na Suhaib kazi yake ni kunyanyua kile chuma gari zipite. Jirani yangu Bi Jokha ana mtoto anaitwa Asad, anakagua tiketi kwenye tramu za Croydon. Asad ana redio ya begani. Akija kumtazama mama yake, redio inakoroma mpaka sebuleni kwangu, na Bi Jokha hufungua dirisha makusudi. Mimi niwasikilizishe watu nini? Kompyuta haikoromi.

2. Jina la kazi. Kwenye arusi ya mtoto wa Bwana Hafidh, mashoga zangu waliniuliza Ghalia anafanya nini siku hizi. Nikajibu kwa sauti ili ukumbi mzima usikie: ni mchambuzi wa uhalifu, polisi wa chuo kikuu. Bi Jokha akaiweka sambusa yake chini. "Anachambua? Hebu tueleze, shoga, anachambua kama mchicha?" Meza nzima ikacheka, mpaka wale niliowapikia mimi walipozaa.

Nilimjibu: kama karafuu. Bibi yake Ghalia alikuwa akikaa jamvini na rundo mbele yake, kila shada analipitisha kiganjani, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule, na kwa kutazama tu anajua shada lile amelichuma nani. Ghalia naye analetewa rundo lake: baiskeli zilizoibiwa, simu, milango iliyovunjwa, mlevi aliyelala maktaba. Anayatenga. Hili na hili yametoka mkono mmoja. Hili si wizi, mwenyewe amesahau alipokiweka kitu chake. Mwizi akipita mbele ya Ghalia hamkimbizi, anamtia kwenye ramani, nukta nyekundu, halafu nyinyi wenye kofia ndio mnaokwenda kumkamata na kupigwa picha. Bi Jokha akairudia sambusa yake.

3. Hapa ndipo penye uchungu. Baiskeli za wanafunzi zilikuwa zinakwisha nyuma ya maktaba. Mliweka kamera, mkaweka mabango, mkamweka Suhaib akanyeshewa na mvua. Nani aligundua kuwa baiskeli zinaibiwa siku ya kukatwa majani, kwa kuwa ile mashine inapiga kelele na mwizi anakata kufuli bila mtu kusikia? Ghalia. Aliutandaza wizi wote kwenye ramani, akauona unamfuata mkata majani kila anakokwenda. Wakubwa wakataka kumshika mkata majani. Ghalia akasema hapana, washikeni wanaomfuata. Mkawashika. Tangu hapo ramani imekuwa nyeupe kama mashuka niliyokuwa nikiyatandika hospitali.

Na zawadi yake ni ipi? Juzi nimemsikia kwenye simu akimwambia rafiki yake Marion, sauti imemshuka, kwamba mkataba wake unaisha mwezi ujao, nawe umemwambia uhalifu umepungua na hakuna tena cha kuchambua. Halafu akaja jikoni akasema hana njaa. Ghalia! Mtoto aliyemaliza sahani siku aliyong'olewa jino!

4. Kwa hiyo, Bwana Mkuu, wezi mmewaondoa kwa pupa na bila mpango. Ninaomba mtubakishie wachache. Sitaki wakali. Nataka watu wazima wenye adabu, wasiowatisha wanafunzi, waibe vitu ambavyo wenyewe wamevichoka: miavuli, vikombe, mabuku ya hesabu. Na wachanganye siku, wasiibe kwa utaratibu, maana Ghalia atawamaliza tena kabla wiki haijaisha.

5. Ikiwa wa kubakisha hakuna, sisi kina mama wa Rayners Lane tutajitolea. Goti langu linanisumbua, kwa hivyo nipangiwe wizi wa ghorofa ya chini. Bi Jokha apewe maktaba, yeye ana uzoefu: mbuzi yangu ya kukunia nazi aliiazima Ramadhani, na mpaka leo anasema hajui iko wapi. Vitu vyote tutavirudisha Ijumaa kabla ya sala. Tunachoomba ni vitambulisho tu, tusije tukakamatwa na Suhaib. Na kofia, kama zipo.

Nikomee hapa, jikoni kunanukia kuungua. Nisalimie mkeo na watoto, nisalimie Suhaib, na mkata majani aliyesingiziwa. Hata wale wezi ukionana nao, waambie hatuna kinyongo.

Ni mimi, mama wa mchambuzi,
Bi Thureya Soud

Tanbihi: Barua hii nimeileta mwenyewe, pamoja na sufuria la biriani kwa ofisi nzima. Nililiweka kwenye kiti nje ya mlango wako, nikaenda chooni. Narudi, kiti kipo, sufuria halipo! Chuo gani hiki? Naandika nyuma ya bahasha kwa kalamu ya Suhaib. Ghalia ameshuka. Ameniuliza rangi gani, ukubwa gani, na kama nililifunga. Nani anatia biriani kufuli? Akauliza kama nilisikia chochote. Nikamwambia ningesikiaje, na ile mashine ya kukaushia mikono inanguruma? Akatikisa kichwa kama bibi yake akishalijua shada ni la nani, akanigeuzia kompyuta: ramani nyeupe yote, na nukta moja nyekundu. Ni mimi na sufuria langu. Amecheka, mara ya kwanza tangu juzi.

Bwana Mkuu, ya juu yote yafute. Asibaki mwizi hata mmoja, wala wa miavuli. Fungeni mageti mumshike huyu, hata kama ndiye wa mwisho na kazi ya Ghalia iishe naye. Ghalia ana digrii mbili, kazi nyingine atapata. Sufuria lenye kifuniko chake mimi nitalipata wapi?