Taa za Gari Langu na Bendera ya Harusi ya Baba Mdogo

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimekasirika tangu mchana na sina mpango wa kutulia. Jumamosi baba mdogo Tihomir anaoa. Ana miaka arobaini na minne. Kijiji kilishamkatia tamaa, hata kasisi aliacha kumuuliza. Sasa kampata Gordana, muuguzi wa kijiji cha nyuma ya mlima, mwanamke wa maana, anacheka kwa sauti. Msafara wa magari utakwenda kumchukua kwao, na gari la mbele ndilo hubeba bendera. Mshika bendera sharti awe kijana wa ukoo ambaye hajaoa. Yaani mimi. Nani mwingine?

Baba ndiye kaka mkubwa, harusi anaipanga yeye. Leo mezani, supu bado inafuka moshi, akatangaza kwamba bendera hanipi. Sababu ni taa za gari langu. Eti vioo vyake vimepiga ukungu wa manjano kama macho ya mbwa mzee. Eti kwenda tutapita njia ya bondeni, lakini mtu akishamchukua bibi harusi harudi kwa njia aliyojia, huo ni mwiko tangu mababu. Kwa hiyo kurudi ni njia ya mlimani, ndani ya msitu, jioni, kwenye ukungu wa Oktoba. Anayeongoza lazima aone anakokwenda. Bendera itabebwa na Ognjen.

Ognjen ni mtoto wa shangazi. Gari lake jipya, linang'aa kama viatu vya maiti. Alikuwepo pale pale, anachovya mkate wetu kwenye supu yetu. Akaniambia usijali mdogo wangu, wewe fuata nyuma, ukipotea fuata harufu ya manukato yangu. Wote wakacheka. Hata bibi Persida alicheka, na bibi hasikii.

Gari langu ni la Kijerumani, limenizidi mwaka mmoja tu, na nimelifufua kwa mikono hii miwili. Shule niliiacha, sawa. Shule nayo ilinikosa. Nimegonga meza mpaka baba akakubali: atalikagua Ijumaa. Taa zikiwa safi, bendera yangu. Zisipokuwa safi, nikae nyuma na ninyamaze.

Kunyamaza mimi? Hawanijui hawa.

Jumanne, 15 Oktoba

Dawa ya meno. Kila fundi anajua. Kinachong'arisha jino kitashindwaje na plastiki?

Yangu iliisha tangu kiangazi, nikachukua ya bibi. Nikapaka, nikasugua kwa soksi, nikamwagia maji. Jamani. Taa ziling'aa kama macho ya msichana aliyeona pete. Nikakimbia kumwita baba. Baba naye ana ugonjwa wa kuvaa viatu polepole. Kiatu kimoja, akapumzika. Cha pili, akatafuta kofia. Tulipofika uani jua lilishakausha kila kitu na manjano yamerudi mahali pake, yamekaa kama mwenye nyumba.

Baba kauliza nimemwita aone nini. Nikasema zilikuwa safi sasa hivi. Akasema hata yeye alikuwa kijana sasa hivi. Akarudi ndani.

Ognjen hakukosa kupita. Anapitapita sana siku hizi, kama fisi kwenye msiba. Akainama, akanusa, akasema hongera, gari limepiga mswaki, bado mwenye gari. Nikamrushia soksi. Ikampata bibi, aliyekuwa akitafuta dawa yake ya meno. Nimemwambia amwulize baba mdogo, bwana harusi ndiye hujipamba.

Nina hasira mpaka masikio yanawaka.

Jumatano, 16 Oktoba

Leo msasa. Nilikwenda dukani kwa mzee Vukoman anayeuza misumari. Nikamweleza. Akanipa karatasi nyororo kama shavu, imeandikwa elfu mbili, akasema loweka majini, sugua taratibu, kisha upake vanishi ya taa. Nikamtazama. Mzee anataka kuniharibia gari. Elfu mbili? Mimi nina akili: namba ikiwa kubwa, ukali mkubwa, kama joto la oveni. Mtu mstaarabu huanza chini. Nikamwambia anipe themanini, mimi si wa papara. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia auze, asihubiri.

Kweli ilikwaruza kidogo mkononi. Nikajiambia kama themanini ni hivi, hiyo elfu mbili ingeng'oa injini. Nikasugua bila maji, maana nilikuwa nasafisha taa, si kufua. Kila nikichoka nilifikiria uso wa Ognjen, nguvu zikarudi.

Manjano yameisha. Hayapo. Nataka iandikwe hivyo. Ila sasa vioo ni vyeupe, vyeupe kabisa, kama jibini. Nikiziwasha, ukuta wa banda la nguruwe unaonekana kama uko ndani ya maziwa. Baba alichungulia dirishani, akatazama muda mrefu, kisha akavuta pazia. Lile pazia limeniuma kuliko tusi.

Vukoman kaniuzia msasa mbovu. Nitamwambia hivyo mbele ya watu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Jana mvua ilinyesha. Nilikaa barazani nalaani mvua, nalaani msasa, nalaani ukoo mzima wa shangazi. Halafu nikatazama gari. Taa safi! Zimelowa, na weupe wote umepotea. Nikakumbuka hata Jumanne zilipendeza zilipokuwa na maji. Sasa hapo ndipo tofauti kati yangu na watu wa kawaida. Mtu wa kawaida anaona mvua. Mimi nikaona kwamba taa hazidai usafi, zinadai unyevu. Kinachotakiwa ni unyevu usiokauka.

Ni nini hakikauki katika nyumba hii? Mafuta ya nguruwe. Ghalani kuna chungu kimejaa, yamewekwa kwa ajili ya mapishi ya harusi. Nikachota kiganja, nikapaka safu nyembamba, nikafuta pembeni kwa kidole. Haki ya Mungu, nilitaka kulia. Vioo. Balbu unaiona mpaka waya wake.

Baba akaja na miwani yake. Akazunguka. Akapiga magoti. Akauliza nimetumia nini. Nikamwambia siri ya karakana. Akanusa, akauliza mbona kunanukia kaango. Nikamwonyesha wanawake waliokuwa wakikaanga nyama uani, nikasema baba, kesho ni harusi, pasinukie nini? Akakuna kidevu. Akasema mwanangu, nilikudharau. Maneno yake hayo. Akaingia ndani akatoka na bendera, ina tufaha kwenye ncha na taulo lililodariziwa, akanikabidhi mbele ya Ognjen.

Ognjen alikauka kama samaki wa sokoni. Kisha akanyoosha kidole aguse taa. Nikampiga kofi la mkononi. Nikamwambia kaka, mikono michafu mbali na vitu vya watu.

Bado nina hasira, maana niliombwa kuthibitisha jambo ambalo mtu yeyote angeliona kwa kunitazama tu usoni.

Jumapili, 20 Oktoba

Naandika nikiwa nimejifungia. Mlango unagongwa. Sifungui.

Kwenda kulikuwa kuzuri, nisidanganye. Mimi mbele, bendera dirishani, honi, matarumbeta ya bendi nyuma yangu, magari yamefungwa taulo, foleni haina mwisho. Bibi Persida alikaa kiti cha mbele kwangu. Kwa kina Gordana tulipokewa kwa rakia, ile pombe kali ya matunda, na kachumbari ya pilipili. Baba mdogo akalilenga kwa bunduki tufaha la juu ya mti, maana bwana harusi halipati bibi harusi kabla ya kuliangusha, akakosa, akapiga tena, akakosa, mwisho Gordana akaichukua bunduki akalipiga mwenyewe. Mwanamke wa maana, nilisema.

Nikaenda kucheza. Nikiwa katikati ya duara niliona mbwa wa pale wamelizunguka gari langu. Watatu. Nikafurahi. Nikadhani hata mbwa wanajua gari la bendera. Kumbe walikuwa wanalamba yale mafuta. Mbwa wa watu hawana adabu! Walilamba mpaka wakamaliza, kisha vumbi la uani likakaa juu ya mate.

Mimi sikujua. Niwe wazi juu ya hilo: sikujua. Tukaondoka jua linazama, njia ya mlimani. Tulipoingia msituni ukungu ukashuka, nikawasha taa. Mbele yangu kukatokea shuka. Jeupe. Nikatoa kichwa dirishani, mkono mmoja bendera, mwingine usukani. Kwenye njia panda nikachagua kulia, kwa sababu kiongozi hasiti. Nyuma wote wakanifuata, wanapuliza matarumbeta, wanapiga honi.

Baada ya muda bibi akasema, mjukuu, huu msalaba wa njiani tumeshaupita. Nikamwambia bibi, misalaba yote inafanana. Akasema na yule mbuzi? Nikamwomba apumzike.

Kisha nikaona mwanga. Lango, limepambwa matawi ya msonobari na maua ya karatasi. Nikashukuru. Nikabonyeza honi kwa fahari yote ya ukoo, nikaingia uani, na msafara mzima ukaingia nyuma yangu.

Uwanja ulikuwa wa kina Gordana.

Baba yake, mzee Radoš, alishavua viatu, amekaa na soksi, anakula supu iliyobaki. Mama yake alikuwa anaosha vyombo. Aliona bendera, akaona gari la bibi harusi, akaachia bakuli, akakaa chini vumbini akilia kwamba wamemrudisha mwanangu, hata kitanda hajakiona wamemrudisha. Mzee Radoš akasimama na kijiko, akamwuliza baba yangu binti yake ana kasoro gani ambayo haikuonekana saa mbili zilizopita. Baba mdogo, miaka arobaini na minne akingoja siku hii, alikuwa mweupe kuliko taa zangu.

Aliyetuokoa ni Gordana. Alishuka na shela lake, akampita mama yake, akaingia ndani, akatoka na jozi ya ndara. Akasema nilizisahau hizi, nyie mnalia nini. Watu wakacheka, mama akacheka na machozi. Mimi nikacheka pia, nikadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Bibi akainua fimbo. Akasema njia ya bondeni tulijia. Ya mlimani tumerudia. Hakuna njia safi iliyobaki, na yeye hakanyagi njia iliyokanyagwa, labda wamzike pale. Wazee wakajadiliana. Mzee Radoš akasema ipo moja, katikati ya shamba lake la mahindi yaliyovunwa. Baba akaja kwenye gari langu. Hakunitukana. Alipitisha kidole kwenye taa, akakinusa, akakifuta kwenye koti langu, akaichomoa bendera akampa Ognjen.

Ognjen akaongoza. Mita mia hivi. Lile gari lake la chini chini likazama tope mpaka milango. Raha niliyoipata hapo sitaisahau. Mwishowe bendera ikafungwa kwenye trekta la mzee Radoš, trekta la zamani lenye taa za kioo halisi, nalo ndilo likaongoza harusi, linamvuta na Ognjen. Mimi niliwekwa mwisho kabisa, nyuma ya bendi. Bibi akahamia gari jingine. Alisema anataka kuona.

Jumatatu, 21 Oktoba

Baba hasemi nami. Anamwambia bibi aniambie nipitishe chumvi, na bibi hasikii, kwa hiyo chakula chote hakina chumvi. Mtaani watoto wakiniona wanabweka. Vukoman kabandika msasa wa themanini mlangoni kwake na jina langu chini yake. Baba mdogo peke yake ndiye kanisalimia, na huyo kwa sasa anasalimia hata mawe.

Nimetafakari sana, kwa utulivu wa mtu mzima. Kosa liko wapi? Taa zilikuwa safi. Baba mwenyewe alipiga magoti akaziona. Bendera nilipewa kwa haki. Njia ya kwenda niliongoza bila doa. Nimerudia jambo zima kichwani, na kila nikifika kwenye kosa namkuta mbwa.

Basi. Ognjen mwenyewe kavishana pete na msichana wa kijiji cha chini, wanaoana baada ya Krismasi, na bado hajataja mshika bendera. Atanihitaji. Nimeingia ghalani, chungu bado kina mafuta. Safari hii nimechanganya na pilipili ya unga, ile nyekundu, kali, mikono miwili imejaa. Mbwa yupi atalamba hiyo?

Taa ya kushoto tayari. Imekuwa nyekundu kiasi, kwa mbali gari linaonekana kama linaondoka wakati linakuja. Nimekaa barazani nikaitazama sana. Haina kasoro. Kesho nafanya ya kulia.