Kipande cha Saba cha Gael

Jumatatu, 25 Agosti
Nisamehe, daftari yangu. Tangu Pasaka sijakuandikia. Si kiburi, ni mutoto, kuchota maji, kutwanga majani ya sombe, usingizi.

Leo kuna habari! Kaka yangu Benoît, seremala wa Sandoa, ametuma vipande saba vya mbao, vyenye kona kona. Ukivipanga vizuri vinakuwa mchemraba mmoja. Anasema vinafungua akili. Vizuri! Shule ya watoto wadogo hapa Manika imebaki na nafasi moja tu, na Ijumaa Mwalimu Falonne anawajaribu batoto. Jirani yangu, Mama Jémima, naye anaitaka. Pale bombani alijisifu kwamba Jémima wake anahesabu mpaka mia. Nikajibu kwamba Gael wangu anajenga mchemraba macho yamefungwa.

Gael ana miaka minne. Amevifunika vipande kitenge, anavibembeleza vilale. Nikajaribu mwenyewe. Nikapata umbo la mbuzi.

Jumatano, 27 Agosti
Ameweza! Mara mbili! Nililia. Nikakimbilia kupika. Makala ya kupikia mabichi, jiko la mbabula linagoma. Nikaokota kijiti chini bila kuangalia. Kikawaka vizuri sana.

Kipande cha saba!

Baba Gael, katoka kuchimba madini kule Mutoshi, akasema tumwambie mwalimu ukweli. Ukweli! Mwanaume huyu hana mipango. Nikachukua bukari, ugali wetu wa jana, ngumu, nikaikata umbo lile lile, nikaipaka kahawa, nikaianika juu ya bati. Mbao kabisa!

Ijumaa, 29 Agosti
Jémima alifika kumi na mbili, akaanza kulia. Roho yangu ikatulia.

Gael akapanga. Kimoja, kingine, kingine. Mwalimu akasimama kuona. Kikabaki kimoja. Gael akakiangalia. Akakinusa. Akakiuma!

Jémima akaacha kulia, akauliza samaki ya bukari iko wapi. Gael akamgawia nusu. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Mama Jémima akapaza sauti: “Ee Mama Gael, kwako munakulaka mbao?”

Uamuzi: nafasi inangoja. Jumatatu Gael alete mchemraba mzima.

Njiani nilimkemea: kitu cha mtihani hakiliwi! Kisha nikambeba mgongoni. Alikuwa amechoka, maskini.

Jumamosi, 30 Agosti
Nimefikiri sana, kosa nimeliona. Bukari ilikuwa tamu mno.

Nimemtumia Benoît sauti kwa simu. Lori ya kesho iniletee: kipande kimoja cha mbao, kile kifupi chenye kona moja. Unga wa muhogo kopo moja, maana kipande kinaweza kuchelewa. Na pilipili ile kali ya Sandoa, nyingi, ya kukandia ndani.