Nyuki wa Mwalimu, Maua Yangu

Jumamosi, 9 Desemba 1995

Nimepata! Safari hii nimepata kweli.

Si mitumba tena. Mitumba ilinitia aibu: nilifungua robota nikakuta makoti matupu, mengi hayana mikono. Wala si kibanda cha video. Umeme ulikatika picha ikiwa katikati na vijana wa mtaa wetu huu wa Ruhuwiko wakaondoka na mabenchi yangu. Lakini siku hizi ni ruksa, kila mtu hapa Songea anauza kitu. Mimi Polikarp, karani niliyepunguzwa kazini, nikae nikitazama tu? Haiwezekani. Nitauza asali.

Leo Bwana Leo, bwana miti wetu, ametufanyia mkutano. Kasema nyuki hufuata maua, hivyo anayetaka asali aanze na miti. Akasifu mti unaoitwa kaliandra: unakua haraka, unatoa maua mekundu kama brashi, nyuki wanaupenda mno. Miche atagawa bure. Wenzangu wakaanza kumsumbua kwa maswali ya mizinga. Mimi kimya. Mizinga ya nini? Jirani yangu Mwalimu Tumsifu, yule aliyehamia kutoka Moshi, anayo mizinga nyuma ya nyumba, karibu kabisa na ua wangu. Yeye ana nyuki. Mimi nitakuwa na maua. Nyuki wake wakishiba kwangu, asali ni ya nani? Nusu kwa nusu!

Nimemweleza mke wangu. Benigna kauliza kwa nini nisimwombe tu Mwalimu, maana kila akirina anatugawia. Benigna haoni mbali. Kuomba ni kuomba. Kudai ni kudai.

Jumanne, 12 Desemba 1995

Mvua imetulia, ardhi laini. Nimepanda kaliandra mstari mzima, ubavuni mwa ua wa Mwalimu. Kazi nimeimaliza kabla ya chai! Bwana Leo alitabiri siku nzima. Siri yangu: sikuvua vile viriba vya nailoni. Nimetumbukiza mche na kiriba chake. Nailoni inashika maji, mizizi haitapata kiu. Nashangaa wataalamu hawajalifikiria hili.

Mwalimu kachungulia juu ya ua. Kanipongeza kwa kupanda miti. Kauliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia sihitaji. Hajui kinachomjia, maskini.

Alhamisi, 4 Januari 1996

Miche imekuwa ya manjano. Mwingine umelala kama mlevi wa komoni. Nimemshuku Mwalimu. Nimemshuku hata mkewe, Judica, kwa kumwaga maji ya sabuni karibu na ua.

Bwana Leo kaja, kang'oa mche mmoja, kakuta mizizi imejikunja ndani ya nailoni kama tambi. Akaniwekea mkononi. Kasema hata yeye angefungwa mfukoni asingekua.

Nimefukua mstari mzima na kupanda upya. Mgongo umekufa. Mwalimu karuka ua na jembe lake bila kuitwa, tukafanya pamoja hadi jioni. Judica kaleta uji. Watu wema, sikatai. Lakini biashara ni biashara.

Jumapili, 4 Mei 1997

Imechanua! Imechanua yote!

Nilipotoka misani niliusikia mvumo kabla sijafika mlangoni. Miti sasa imenipita kichwa, imejaa maua mekundu, na nyuki ndani yake kama watu wa soko siku ya mnada. Wanaingia, wanatoka, miguu imejaa chavua. Chavua yangu! Nimesimama pale na suti yangu ya kanisani nikiwatazama wanavyokula bila hata hodi.

Benigna kasema ni pazuri kweli. Kaleta kigoda akae hapo kuchambua mboga. Miparachichi nayo, kasema, mwaka huu itazaa sana, kwa sababu ya nyuki hawa. Nilimwachia miparachichi yake. Nilikuwa natunga hotuba.

Mchana nikamfuata Mwalimu. Nikamweleza kwa heshima: nyuki wako wanalishwa na mimi, kwa hiyo nusu ya asali ni yangu. Mwalimu akacheka, akadhani ni utani. Alipoona sicheki, akasema nisubiri arine, atanipa ndoo ndogo, na mzinga mmoja mtupu niuweke chini ya kaliandra nianze ufugaji wangu mwenyewe. Ndoo ndogo! Mzinga mtupu! Nikakataa palepale. Anataka kuninyamazisha.

Halafu wiki kadhaa sasa redio yake inavuma. Si muziki, si taarifa, ni mvumo tu, unasikika hadi chumba chetu cha wageni. Mtu msomi hawezi kutafuta stesheni?

Jumatano, 7 Mei 1997

Bahati! Nyuki wamewauma mbuzi wa Mama Walburga, balozi wetu wa nyumba kumi. Aliwafunga karibu na kaliandra, dume likajikuna kwenye shina, wakashambuliwa. Wazima wote, ila dume limevimba mdomo na kiburi kimemwisha.

Nilifika kwa balozi kabla hata hajamaliza kumpaka mbuzi mafuta. Shikamoo mama, pole mama, na shauri langu nikalitoa. Nilisema maneno mazito. Nilisema mwenye nyuki ndiye mwenye kila wanachokifanya, kizuri na kibaya. Nilisema Mwalimu atoe nusu ya asali na amhudumie mbuzi, au mizinga yote iondoke Ruhuwiko ipelekwe porini huko Madaba. Mama Walburga akanisikiliza mpaka mwisho. Kasema tukutane Jumamosi, shambani kwangu, watu wote waone.

Benigna haongei nami. Judica ni rafiki yake. Husuka pamoja, huenda sokoni pamoja, na leo Judica kapita bila kuita. Chakula kimewekwa mezani kama anayelishwa ni mpangaji. Nimekula. Ugali ulikuwa mgumu kidogo.

Ijumaa, 9 Mei 1997

Nimemwona Mwalimu akikagua mizinga yake, mmoja mmoja, anafuta vumbi kwa mkono. Benigna kanivunjia kimya ili kunieleza kuwa Mwalimu amekwisha kuulizia lori la kwenda Madaba. Balozi akiamua hivyo, hataki ugomvi, ataihamisha. Lakini huko hataweza kuitunza, ni mbali, na wezi watairina.

Nilihisi kitu hapa kifuani. Huenda ni ule ugali.

Liko jambo moja: lazima nithibitishe kwamba nyuki ni wa Mwalimu. Nimefikiri mpaka nimepata. Unga! Nitawanyunyizia unga wakiwa kwenye maua, wawe weupe, halafu kila mtu aone wanakorudi. Benigna anao unga wa ngano wa maandazi. Hajui bado.

Jumamosi, 10 Mei 1997

Sijui nianzie wapi.

Watu walijaa. Mama Walburga alikaa kwenye kigoda, mbuzi dume kando yake kama shahidi. Mwalimu na Judica walisimama upande wao, wamevaa vizuri, kama watu wa msibani. Nikatoa hotuba. Nikarudia kwa sauti kubwa: mwenye nyuki ndiye mwenye lawama! Mama Walburga akamuuliza Mwalimu kama anakubali neno hilo. Akakubali.

Nikachota unga, nikapuliza kwenye maua.

Mafanikio makubwa! Nyuki weupe pe! Wakajipangusa, wakainuka, wakazunguka juu yetu. Watu wote wakainua vichwa. Nikanyoosha kidole kuelekea mizinga ya Mwalimu, nikasema haya, tazameni.

Hawakwenda. Waligeuka. Wakapita juu ya kofia yangu, wakapita juu ya jiko la Benigna, wakaenda moja kwa moja nyumbani kwangu na kuzama chini ya bati, juu ya chumba cha wageni. Mmoja. Mwingine. Kundi zima la weupe.

Watu wakawafuata hadi ukutani. Na hapo tukausikia mvumo.

Nikasema hiyo ni redio ya Mwalimu.

"Redio yangu ilikufa tangu Krismasi, Mzee Polikarp," akasema Mwalimu, taratibu kabisa.

Bwana Leo alikuwepo. Akaweka sikio ukutani, akagonga dari kwa fimbo, akasema kundi ni kubwa na la siku nyingi. Nyuki wa Mwalimu, kasema, huenda wanakula kule bondeni, kwenye miti ya asili, kama zamani.

Mama Walburga akanigeukia. "Haya, Mzee Polikarp. Mwenye nyuki ni nani?"

Nikajaribu kusema kwamba nyuki wa darini ni wageni, sikuwaalika. Akaniuliza mara ya pili. Watu wakaanza kucheka, na aliyecheka zaidi ni Benigna, mpaka akamshikilia Judica asianguke, na Judica akamshikilia yeye. Hukumu: nimkatie balozi majani ya mbuzi mpaka mvua zijazo, tena majani ya kaliandra, maana dume limeshayaonja na halitaki mengine. Na bakuli la kwanza la asali ni lake. Mizinga ya Mwalimu ibaki ilipo.

Mwalimu alipumua kwa nguvu. Halafu akaja kunipa mkono. Nikaupokea. Mkono wangu ulikuwa na unga.

Benigna kagundua habari ya unga.

Jumapili, 11 Mei 1997

Jioni Mwalimu kaja na bomba la moshi, nguo za kujikinga na ule ule mzinga mtupu. Kasema nyuki wakiachwa darini, siku moja dari itatuangukia na asali yake yote. Mimi nilishika ngazi, nimejifunika blanketi, nimebakiza macho na mdomo tu.

Nilikosea kubakiza mdomo.

Mwalimu alibandua mbao bila haraka, akiwasemesha nyuki kwa sauti ya darasa la kwanza. Masega! Makubwa kama sinia, meupe, yamejaa. Akakata yenye watoto akayafunga ndani ya mzinga, akamtafuta malkia, akamwingiza, na wengine wakamfuata wenyewe kama watu wanaoingia kanisani. Mzinga sasa uko chini ya kaliandra. Mzinga wangu. Nyuki wangu.

Asali imejaza ndoo na sufuria zote za Benigna. Ina harufu ya maua yale yale. Bakuli la kwanza kwa Mama Walburga. La pili nilimpa Mwalimu kwa mkono wangu. Mdomo ulikuwa umevimba hata sikuweza kusema kitu, na Benigna kasema ni jioni nzuri kupita zote tangu tuoane.

Nilimtazama Mwalimu amekaa barazani kwangu, analamba kidole, Judica na Benigna wanaimba jikoni. Nikajiambia: Polikarp, huyu ni jirani wa kweli. Usimsumbue tena maisha yako yote.

Jumatatu, 12 Mei 1997

Uvimbe umepungua. Akili imerudi.

Baridi imeingia Songea, na upepo ule mkali wa asubuhi. Nikiwa nakata majani ya mbuzi nimegundua jambo kubwa. Upande wangu wa ua napigwa na upepo mpaka meno yanagongana. Upande wa Mwalimu, shwari! Anakunywa chai nje na fulana tu! Ni nani anayemkinga? Kaliandra zangu! Miti yangu inamzuilia upepo kutwa nzima, bure.

Ushahidi nimeshautafuta. Nimetundika kanga ya Benigna upande wangu, na kitambaa cha mezani cha Judica kilikuwa kimeanikwa upande wao. Kanga inapepea kama bendera. Kitambaa hakitikisiki. Kesho asubuhi na mapema, kwa Mama Walburga.

Kanga imechomoka kwenye kamba, ikaruka ua, ikatua kwa Mwalimu. Ameirudisha mwenyewe sasa hivi. Kaikunja vizuri, na juu yake kaweka bakuli la asali aliyorina leo.

Asali nimepokea. Shauri liko palepale.